Mbwa mweusi aliyegeuka buluu: uchambuzi wa picha moja ya brashi ya hewa

Picha ilikuwa ya mbwa mweusi aitwaye Makaa, kichwa na mabega, kwenye ubao wa sentimita 30 kwa 40. Mwenye mbwa ni mzee mmoja aliyeishi naye miaka 14, na baada ya mbwa kufa alibaki na picha moja tu ya simu iliyotoka vizuri. Makaa ameketi mlangoni jioni, anatazama nje. Jua limeinama, linampiga upande mmoja wa uso. Upande wa pili umo kivulini.

Nilifanya kazi hiyo siku tisa. Siku ya kumi mzee alikuja kuiona. Aliitazama kitambo, mikono nyuma, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, umemchora. Masikio ni yake, na hivi anavyoinamisha kichwa ni yeye hasa. Lakini huyu amepoa."

"Amepoa vipi, mzee?"

"Sijui nikuelezeje. Makaa alikuwa na joto. Huyu ni kama ametolewa mtoni sasa hivi."

Hakuwa na msamiati wa rangi, ila jicho lake lilikuwa sahihi. Nilipoiweka picha yangu kando ya ile ya simu, niliona alichokiona. Kila unywele niliouinua kwa rangi nyeupe juu ya weusi ulikuwa umeingia ubuluu. Kidevuni, pale Makaa alipokuwa ameota mvi, ndipo palipoharibika zaidi: mvi za mbwa mzee zilikuwa zimegeuka kitu kama vumbi la chuma.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu tatizo hili humpata karibu kila anayejaribu mnyama mweusi kwa brashi ya hewa, awe mbwa, paka, farasi au fahali, na wengi hulitibu pasipo na ugonjwa. Mimi nililitibu mara tatu pasipostahili kabla sijafika kwenye chanzo.

Kwanza nieleze nilivyokuwa nimefanya. Ebrashi, yaani hiyo brashi ya hewa, niliyotumia ni ile ya kitufe kimoja chenye kazi mbili: ukikibonyeza, hewa inatoka, ukikivuta nyuma, sindano inarudi na rangi inafuata hewa. Sindano yangu ilikuwa ya milimita 0.2, presha ya kompresa, yaani mashine inayosukuma hewa, kama psi 15 (paundi kwa inchi ya mraba), na rangi ya akriliki nimeilainisha mpaka ikateremka kwenye ukuta wa kikombe kama maziwa. Nilipaka umbo lote la kichwa jeusi. Ndipo nikasafisha kikombe, nikatia nyeupe, nikaanza kuinua mwanga, unywele mmoja mmoja. Ni njia inayomvutia mtu haraka: mnyama ni mweusi, basi anza na weusi. Na inafurahisha mkono, maana kila mstari mweupe unaoupiga unaonekana papo hapo, na kichwa kinatokeza gizani kama kinakuja kwako. Huo utamu ndio ulionichelewesha kuona kasoro.

Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa rangi nyeusi. Weusi wa viwandani hutofautiana. Mwingine una ubuluu ndani yake, mwingine unaelekea hudhurungi. Nikanyunyiza weusi wangu kwa wepesi sana juu ya karatasi nyeupe ili nione tabia yake. Ulielekea hudhurungi. Haukuwa na kosa.

Wa pili alikuwa taa. Taa ya meza yangu ni nyeupe baridi, nikadhani inanidanganya. Nikaupeleka ubao dirishani mchana. Ubuluu haukuondoka, ulizidi kuonekana.

Mara ya tatu sikutafuta tena chanzo, nilitafuta dawa, na hapo nikaharibu. Nilichukua hudhurungi angavu, yaani rangi inayopitisha mwanga na kuonyesha kilicho chini yake, nikapitisha tabaka moja jepesi juu ya pua na kidevu nikitumaini itapasha joto. Hudhurungi na buluu zikikutana huuana. Mvi zikawa kijivu cha majivu, ubuluu umepungua kweli, lakini na uhai umekwenda nao. Makali ya nywele nayo yalififia, kwa kuwa tabaka la kunyunyiza halichagui: linaangukia unywele na pengo lililo kati yake na mwenzake. Yeyote anayefikiria kurekebisha picha ya buluu kwa kuifunika na hudhurungi, namsihi ajaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Kipande cha pembeni ndicho hatimaye kilichonifundisha. Nilichukua ubao mdogo, nikaugawa sehemu tatu: nyeupe, kijivu cha kati, na nyeusi. Nikatia nyeupe ileile kikombeni, nikapita mara moja juu ya zote tatu bila kusimama. Kwenye nyeupe hakikuonekana kitu. Kwenye kijivu palionekana weupe hafifu wenye ubaridi. Kwenye nyeusi ukatokea ukanda wa buluu usio na shaka. Kisha nikarudia kwenye nyeusi tu, sehemu moja, mara mbili, mara tatu, mpaka kama mara nane. Kadiri weusi ulivyofunikwa, ubuluu ulipungua, na ulipofunikwa kabisa ukabaki weupe mtupu. Mwisho nikachukua rangi hiyohiyo kwa brashi ya kawaida ya nywele, nikaweka doa zito juu ya weusi. Halikuwa na buluu hata kidogo.

Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye chupa yoyote. Buluu ilizaliwa kwenye wembamba wa tabaka.

Anayepika kwa kuni ameliona jambo hili maisha yake yote. Moshi mwembamba ukipita mbele ya mahali penye giza huonekana wa buluu. Moshi uleule ukipanda na kupita mbele ya anga angavu huonekana wa hudhurungi. Leonardo da Vinci aliliandika hilo la moshi katika madaftari yake. Kisa cha moshi ndicho kisa cha rangi nyeupe. Weupe wa rangi zetu nyingi hutoka kwenye chembe za oksidi ya titani, ndogo kiasi cha robo ya maikromita hivi, na maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Zikiwa chache, zimetawanyika juu ya weusi, hurudisha mwanga wa buluu kwa urahisi kuliko mwekundu. Mwekundu na wa manjano huponyoka kati yake, hufika kwenye weusi chini na kumezwa. Jicho linapokea kilichorudi tu. Chembe zikirundikana, mwanga wa kila rangi hugongana nazo mara nyingi na kurudi wote, nasi tunaona nyeupe.

Sasa zingatia chombo chenyewe. Hakuna kinachotandaza rangi kwa wembamba kuliko ebrashi. Ndiyo sifa yake tangu mwanzo. Mwaka 1876 Mmarekani Francis Stanley, ambaye baadaye yeye na pacha wake walijulikana kwa magari ya mvuke, alipata hataza ya kifaa cha kunyunyizia rangi, na kazi iliyokusudiwa ilikuwa kutia rangi kwenye picha za kamera. Kilichotakiwa ni upole usioacha alama ya mkono. Upole huo tumeurithi, na ngozi ya binadamu huupokea vizuri mno. Manyoya ni jambo jingine.

Maana kila mstari wa ebrashi, hata uwe mwembamba namna gani, una ukungu pembeni mwake. Katikati rangi ni nzito, kandokando ni vumbi lililopotea njia. Unywele mmoja ukiwa peke yake, ukungu huo hauonekani. Piga nywele mia karibu karibu, kama kwenye shavu la mbwa, na ukungu wa kila mmoja huungana na wa jirani yake kuwa pazia moja. Pazia hilo ndilo tabaka jembamba kuliko yote kwenye picha, kwa hiyo ndilo la buluu kuliko yote. Na linaangukia mahali pabaya zaidi: kwenye mapengo meusi kati ya nywele.

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa wa pili, ambao mzee hakuutaja lakini nadhani aliuhisi. Hata kama ukungu ule ungekuwa wa rangi ya joto, bado ungeua picha. Manyoya huonekana manyoya kwa sababu kati ya unywele na unywele pana giza kamili. Ukilifukiza giza hilo, hata kidogo, unabaki na zulia. Nimeona picha nyingi za ebrashi ambazo uwiano wake hauna kasoro, macho yamekaa sawa, kila kitu kipo, na mnyama anaonekana ametengenezwa kwa sufi. Mara nyingi lawama hupewa mkono wa mchoraji. Mara nyingi kosa ni ukungu.

Wapo wanaotibu kwa kuipasha joto nyeupe yenyewe: matone machache ya manjano iliyoelekea chungwa, au hudhurungi kidogo, ndani ya kikombe kabla ya kunyunyiza. Inasaidia, na mpaka leo nafanya hivyo pale ambapo siwezi kuikwepa nyeupe. Lakini inatibu rangi tu, haigusi pazia. Niliamua kuanza upya, kinyume: ubao mweupe, rangi angavu tupu, na mwanga usiongezwe bali ubakizwe au urudishwe kwa kufuta.

Ubao wa namna hii lazima uwe na uso laini mgumu unaovumilia kukwanguliwa, na uujaribu kabla, kwa sababu mwingine huchanika nyuzi ukiguswa na wembe. Tabaka la kwanza la kichwa chote lilikuwa rangi ya kutu, hudhurungi iliyoelekea chungwa. Sikuibuni. Nilipoikuza picha ya simu upande wa jua, niliona ncha za manyoya ya Makaa hazikuwa nyeusi bali nyekundu-kahawia, kama inavyokuwa kwa mbwa mweusi aliyeshinda juani miaka mingi. Jua huibabua rangi ya manyoya. Joto ambalo mzee alilikosa lilikuwa mule mule ndani ya weusi, na mimi nilikuwa nimeanzia juu yake.

Tabaka likishakauka, nilichukua kifutio kigumu cha penseli nikakichonga ncha, nikafuta nywele nikifuata mwelekeo wake. Kisha nikanyunyiza sepia angavu, yaani hudhurungi iliyokolea, juu ya vyote, nikafuta tena, safari hii nywele nyingine, nikiziacha nyingi za kwanza zizame. Kisha sepia yenye weusi kidogo. Kisha weusi. Raundi nne kwa jumla. Uzuri wa njia hii ni kwamba unywele uliofutwa kwenye raundi ya nne haufunui weupe wa ubao. Unafunua kutu au sepia iliyo chini, kutegemea umebonyeza kiasi gani. Na kando ya unywele uliofutwa hakuna ukungu. Makali yake ni makali, giza la jirani yake halijaguswa.

Kuna mambo mawili hapa ambayo hujifunzi ila ukiwa nayo mkononi. La kwanza ni wakati. Akriliki ikikauka tu, inafutika kwa hiari. Ikilala usiku mzima inashika, na kifutio kinaanza kung'arisha badala ya kufuta. Kwa hiyo nilifanya eneo dogo, shavu moja, sikio moja, na kulimaliza raundi zake siku ileile. La pili ni vumbi la kifutio. Ukilipuliza kwa mdomo unaacha mate, ukilifuta kwa kiganja unaacha mafuta, na vyote viwili hujitokeza kama madoa tabaka linalofuata likipita. Nililiondoa kwa brashi laini pana, au kwa ebrashi yenyewe ikitoa hewa tupu.

Kidevu nilikiachia siku mbili nzima. Mvi za mbwa hazioti kama mvi za mtu. Zinaanza midomoni na kidevuni, fupi, nene kidogo kuliko manyoya meusi yanayozizunguka, na hazifuatani safu. Moja imelala kushoto, ya pili imesimama, ya tatu imejificha nusu nyuma ya nyeusi. Hapa nilitumia wembe mdogo wa upasuaji, namba 11, lakini si kwa ncha. Ncha huchimba mfereji, na mfereji hushika kivuli chake wenyewe. Nilitumia makali ya wembe karibu na ncha, nimeulaza, nikakwangua mkwaruzo mmoja mfupi wa milimita tatu au nne, nikianza kwa uzito na kuishia nikiwa nimeinua mkono. Mkwaruzo mmoja, tazama, mwingine. Mvi zilizokaribia mwanga nilizifikisha kwenye weupe wa ubao. Zilizo pembeni nilizikomesha kwenye kutu. Nilipomaliza, nilipitisha tabaka moja la sepia jepesi mno kwenye pembe za mdomo tu, mvi za pale zikarudi nyuma, na mdomo ukapata mviringo.

Pua ilikuwa kazi ya dakika chache. Ukishusha presha mpaka kama psi 5, ebrashi inashindwa kuivunja rangi vizuri, inatema chembechembe, na chembe hizo ndizo ngozi ya pua ya mbwa. Baada ya hapo ni kulowesha ukingo wa juu kwa mng'ao mmoja.

Niongeze jambo la afya, kwa sababu kazi hii inavuta mtu kuusogeza uso karibu na ubao: ukungu uleule unaoharibu picha unaingia mapafuni. Kinyago chenye vichujio kinafaa hata kwa rangi za maji, na rangi zenye kadimi, metali yenye sumu, hazifai kunyunyizwa kabisa.

Yakabaki macho. Kwenye picha ya kwanza nilikuwa nimechora mboni nyeusi tii, duara safi, na nukta moja nyeupe ya mwanga. Ni jicho zuri, na lilikuwa jicho la mbwa wa miaka mitatu. Nilipoikuza tena picha ya simu, safari hii nikitafuta joto na baridi na si umbo tu, niliona kwamba mboni za Makaa hazikuwa nyeusi. Zilikuwa na wingu la buluu-kijivu, hafifu, zito zaidi katikati. Mbwa wengi wakizeeka huwa hivyo: lenzi ya jicho huongeza nyuzi umri wote, za katikati hubanwa zikawa nzito, zikaanza kutawanya mwanga. Nyuma ya lenzi kuna giza. Mwanga hafifu uliotawanyika juu ya giza.

Niliuweka wembe chini kwa muda nilipolielewa hilo. Picha yangu ya kwanza ilikuwa na buluu kila mahali isipokuwa pale Makaa mwenyewe alipokuwa nayo.

Nikasafisha kikombe, nikatia nyeupe, mara ya kwanza kwenye picha hii ya pili. Nyeupe tupu, bila tone la manjano, imelainishwa kuliko kawaida. Nikakata tundu dogo kwenye kadibodi, nikaishika juu ya mboni bila kuigusisha ubao ili kingo zisikate, nikapima kwanza kwenye kile kipande cheusi cha majaribio. Kisha pito moja kwenye jicho la jua, pito moja na nusu kwenye jicho la kivuli. Ubuluu ukatokea wenyewe, sikuuchanganya. Nilirudisha nukta ya mwanga kwa wembe, si nukta tena bali kipande cha anga alichokuwa akikitazama mlangoni, kimekatwa juu na kivuli cha kope.

Upande wa uso uliokuwa kivulini nao ulistahili ubaridi kidogo, maana jua likiinama kivuli huangazwa na anga. Pale nyuma ya shavu nilipitisha ukungu mmoja mpana wa nyeupe hiyohiyo, kwa mbali, nikaacha. Kifua sikukipatia nilivyotaka. Nilifuta nywele ndefu mno pale, na zinaonekana kama za mbwa mwingine. Nimekiacha, kwa sababu ubao ulikuwa umechoka na kukwanguliwa zaidi kungeuchana.

Mzee alikuja jioni. Safari hii hakusimama mbali. Alisogea mpaka karibu, akanyoosha kidole kuelekea kidevu bila kukigusa, kisha akakipandisha mpaka machoni.

"Haya yalianza kuwa hivi miaka ya mwisho," alisema. "Nikirudi gizagiza, alikuwa anangoja nimwite kwanza ndipo ainuke."

Kisha akamwita, kwa sauti ya chini, jina lake.